Doa la Kijani

Kaeni vizuri, wapendwa. Najua harufu ya pilau imeshawafikia hapo mlipo, maana naona macho ya wengine yako dirishani. Mvumilie kidogo, sikukuu ya mavuno haitatukimbia. Nataka kwanza twende wote mpaka duka la kamera, tumwone kijana mmoja akichagua lenzi.

Kijana huyu alikuwa mpiga picha za harusi, na kazi aliijua. Alijinyima muda mrefu ili apate lenzi moja nzuri, ile isiyovuta. Sisi tunaopigana picha kwa simu hatujui mambo haya, kwa hiyo nieleze. Ziko lenzi za kuvuta. Mpiga picha anasimama pale pale, anazungusha mkono, na mtu wa mbali anaonekana karibu. Na ziko zisizovuta, zimefungwa kwenye kipimo kimoja. Ukitaka mtu awe karibu, utumie miguu yako. Wenye kazi yao wanazipenda, kwa sababu hata ukumbi ukiwa na mwanga hafifu picha inatoka safi.

Basi muuzaji, dada mmoja asiye na maneno mengi, akaweka mbili juu ya meza. Moja fupi, ya milimita thelathini na tano. Nyingine ndefu na nzito, ya themanini na tano.

"Hii fupi, kaka, inamwonyesha mtu pamoja na pale alipo," akasema. "Ila lazima umsogelee mpaka msalimiane. Hii ndefu ni ya sura. Inashika uso, na vya nyuma vyote inavifuta."

"Vinafutika kabisa?"

"Vinabaki ukungu. Rangi tu."

Kijana akaifunga ile ndefu kwenye kamera yake, akamlenga yule dada, akapiga, akatazama. Jamani! Kope zinaonekana moja moja, na nyuma yake rafu zote za duka zimeyeyuka kama siagi kwenye kikaango. Akasema, "Hii ndiyo yenyewe."

"Harusi utapiga na hii peke yake?" dada akamuuliza. "Na watu wa nyuma je?"

Kijana akacheka. "Dada yangu, nyuma ya bibi harusi kuna nini? Viti vya plastiki, ndoo, na mashangazi wanaotafuna. Nani anataka picha ya ndoo?"

Mnacheka. Hata mimi nilicheka wakati naandaa neno hili. Lakini lishikeni swali la huyu kijana, msilidondoshe: nyuma kuna nini?

Harusi ya kwanza aliyopiga kwa lenzi ile ilikuwa ya binti mmoja yatima. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Aliyemlea ni mdogo wa mama yake, mama mdogo, mwanamke ambaye hakuolewa wala hakuzaa. Alikuwa anachoma vitumbua kila alfajiri, na kwa vitumbua hivyo binti alisoma mpaka akapata kazi ya ofisini. Alimwita mama, maana mwingine hakumjua.

Lakini mnajua tulivyo siku za harusi. Akatokea baba mkubwa kutoka mjini na mkewe, yeye kwa suti, mke kwa kitambaa cha kung'aa, wakasimama mahali pa wazazi. Kamati ikaona inapendeza. Binti naye akaona inapendeza, maana wafanyakazi wenzake wangekuwepo. Mama mdogo akapewa kusimamia chakula. Walimshonea gauni la kijani, akalivaa kwa furaha kubwa, na juu yake akafunga kanga ya jikoni ili asilichafue.

Ibada ya ndoa ilipoisha, ukoo ukajipanga mbele ya mlango wa kanisa kwa ajili ya picha ya pamoja. Kijana akaanza kurudi nyuma, kwa kuwa lenzi ndefu inataka nafasi. Akarudi, akarudi, mpaka mgongo ukagota kwenye ukuta wa uzio. Akachungulia. Ukoo haukuenea. Akawaambia wabanane. Wakabanana, bado haukuenea. Angekuwa na ile fupi, angepiga hatua mbili mbele akawapata wote. Sasa afanye nini? Ukuta hausogei. Akatazama mwisho kabisa wa mstari, akaona gauni la kijani na kanga yenye alama za mafuta.

"Mama wewe wa pembeni," akaita, "hebu subiri kidogo hapo kando. Tutapiga nyingine na wewe."

"Hamna shida, mwanangu," mama mdogo akajibu. "Pigeni tu nyie."

Akatoka kwenye mstari. Akaifungua ile kanga, akaikunja, akaibana kwapani, akaweka sawa kilemba chake, akasimama wima kando ya maua kusubiri zamu yake. Kijana akapiga picha. Mara honi zikaanza kulia, mshereheshaji akawaita watu kwenye magari, msafara ukaondoka kuelekea ukumbini. Ile nyingine haikupigwa.

Picha zilipotoka, kila aliyeziona alizisifu. Kijana akapata kazi nyingi, na ile lenzi akawa anaifuta kwa kitambaa laini kila jioni kama mtu anavyomfuta mtoto uso. Hakuna aliyelalamika. Mama mdogo aliletewa albamu, akaifungua ukurasa mmoja mmoja, akasema mwanangu alipendeza kweli, akairudisha.

Mwezi wa nne baada ya hapo, asubuhi, bibi harusi yule akaingia studio amevaa nguo nyeusi.

"Kaka, mama mdogo ametutoka," akasema. "Tunazika kesho. Nitolee picha yake ya siku ya harusi, niiweke kwenye fremu itangulie jeneza."

Mnajua desturi yetu. Msalaba unatangulia, picha inafuata, kisha anakuja mwenyewe. Hata mpita njia asiyemjua marehemu anasimama, anatazama ule uso, anavua kofia. Na mama mdogo hakuwa na picha. Simu yake ilikuwa kitochi, isiyo na kamera. Picha ya kitambulisho chake ilikuwa ndogo kama ukucha, imefifia mpaka huoni kama ni mwanamke au mwanamume. Binti aliitegemea siku ile ya gauni la kijani.

Kijana akawasha kompyuta, wakakaa pamoja kutazama. Zilikuwa picha mamia. Binti anaingia kanisani, uso wake unang'aa, na nyuma yake kuna doa la kijani. Binti anashuka kwenye gari, nyuma doa la kijani limeinama chini. "Hapo alikuwa ananishikia gauni lisiguse tope," binti akasema. Binti anakata keki. Doa la kijani nyuma, mikono juu mdomoni. "Hapo anapiga vigelegele." Binti anafutwa jasho na msimamizi, na nyuma doa la kijani limenyoosha mkono na kitu cheupe, pengine leso nyingine, pengine glasi ya maji. Ukungu haukusema.

Kijana akafungua picha zote, mpaka ya mwisho. Hapakuwa na hata moja yenye uso wa mama mdogo.

Binti akaigusa skrini, pale penye doa la kijani. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa nyuma yangu siku nzima. Na mimi sikugeuka hata mara moja."

Kijana akashikwa na uchungu. "Nisamehe, dada. Hii lenzi ndivyo ilivyo. Inafuta nyuma."

Sikilizeni alivyojibiwa. Binti alisema, "Lenzi haikumwambia asubiri kando. Ulimwambia wewe. Na mimi nilisikia, kaka. Nilimwona anatoka kwenye mstari na ile kanga yake ya mafuta, nikashukuru moyoni. Halafu nikaitazama kamera, nikatabasamu."

Binti akanyoosha kidole kwenye ile picha ya keki.

"Toa hii. Mimi nikate, yeye umwache."

"Dada, nikikukata wewe hapabaki kitu. Ni doa tu."

"Nikate."

Kesho yake mazishi yalipita barabara kubwa. Mbele msalaba. Nyuma ya msalaba binti mwenyewe, ameshika fremu kwa mikono miwili kifuani, na ndani ya fremu hakuna uso. Kuna rangi ya kijani, na juu yake rangi ya ngozi ya mtu, na mikono miwili isiyo na vidole. Mke wa baba mkubwa akamsogelea, akamnong'oneza, "Geuza hiyo, mwanangu, utatuaibisha." Hakugeuza. Watu wa barabarani walivua kofia, wakatazama, wakashangaa. Waliomuuliza aliwajibu wote neno moja: "Ni mama yangu. Tulimwambia asubiri."

Mtaniuliza kama yule kijana alirudi dukani kununua ile lenzi fupi. Sijui, na leo sina haja naye. Nina haja na sisi.

Sisi, wapendwa, tumenunua lenzi gani? Maana kila mmoja wetu anayo, na hakuna anayeona vyote kwa usafi uleule. Kuna nyuso tunaziona mpaka kope: mgeni rasmi, mwenye gari, aliyesoma, anayeweza kutusaidia kesho. Na kuna walio nyuma. Wapo, wanatembea, wanainama, wanashika gauni lisiguse tope. Ukituuliza sura zao, tuna rangi tu. Ni nani aliyekulea, na mara ya mwisho ulimtazama usoni lini? Sikuulizi lini ulimtumia kitu. Nimeuliza ulimtazama lini. Na lile neno letu la subiri kidogo, tutakuja Krismasi, tutaongea nikitulia, tumewaambia wangapi? Wako kando ya maua mpaka sasa, wamekunja kanga, wamebana kwapani.

Bwana wetu hakukaa mbali akatuvuta. Alikuja kwa miguu. Aliingia kwenye nyumba za watu, akala walichokula, akawashika wenye vidonda kwa mikono yake. Alisogea mpaka akajua jina. Kwake hakuna nyuma. Ninaamini hivyo kwa moyo wangu wote, na ninaona haya kwa namna ninavyoishi mbali na ninachokiamini.

Ndiyo, mimi. Msidhani nimewapigia hadithi ya watu wengine. Ile pilau inayonukia haikujipika. Nyuma ya jengo hili, tangu alfajiri, yuko Mama Aikande, na Mama Ndeshi, na wenzao sita. Mwaka jana sikukuu ya mavuno walikuwa huko huko. Mwaka juzi pia. Mmekula mikononi mwao, na wengi wenu mkiulizwa ni akina nani mtasema ni wamama wa jikoni. Juzi Alhamisi niliwauliza, jamani, si mtakosa ibada tena? Mama Aikande akanijibu, "Hamna shida, mchungaji. Salini tu nyie."

Na mimi nikashukuru moyoni, nikaenda kuandika mahubiri.

Nimeandika juu ya lenzi, wakati wao hawakuwepo kwenye picha. Neno hili lote mlilolisikia, wao hawajalisikia. Wamesikia tu spika ikivuma ukutani.

Mzee Anaeli, naomba usimame. Toka kwa mlango huu wa nyuma, nenda kawaite. Waite kwa majina, wote wanane. Waambie sufuria waziepue, kama wali ukipoa tutaula umepoa. Waje na kanga zao za jikoni vilevile walivyo. Nyie wa benchi hili la mbele, wazee, na wewe mheshimiwa mgeni wetu, naomba muinuke, muwaachie hiyo nafasi.

Hapana, mwalimu wa kwaya, msiimbe. Tukae kimya hivi hivi. Leo tunasubiri sisi.