Mchezo wa Marijani

Alikuwako Sultani Ghalibu, mtawala wa mji wa Mawardi, na fahari yake kuu ilikuwa farasi mwekundu, Marijani, aliyecheza. Kila Ijumaa aliletwa uwanjani akitupa kichwa na kukanyaga mbele na nyuma, povu likimdondoka kifuani, na watu, wacha wee, makofi na vigelegele! Aliyemfunza ni Muhaji, saisi mkuu, kwa lijamu nyembamba ya chuma kinywani na hatamu zilizokazwa barabara.

Binti Sultani, Siti Zamzam, alipoposwa, Sultani akanena: "Ewe Muhaji, siku ya harusi Marijani atambeba binti yangu, na acheze kuliko siku zote. Asipocheza, kichwa chako halali yangu."

"Nimesikia na nimetii, maulana."

Lakini Marijani akaacha kula, na kila alipoiona lijamu akatetemeka mwili mzima. Muhaji, roho mkononi, akaisugua pete aliyorithi kwa babu yake, na jini akatokea, kichwa kikigusa dari ya zizi.

"Labeka, bwana wangu. Amuru."

"Mchezeshe farasi huyu siku ya harusi."

"Nitamchezesha, bali maumivu siwezi kuyaondoa. Mchezo ndio maumivu yenyewe."

"Mwongo wee! Miaka kumi namfunza, mimi nisijue?"

"Basi onja," akasema jini, akampulizia usoni. Muhaji akamvisha Marijani lijamu, akavuta hatamu, na mara akakihisi chuma juu ya ulimi wake mwenyewe, taya zikawaka moto, na miguu ikarukaruka bila kuiamuru. Akamvua Marijani lijamu upesi, akalia, masikini, akataka kumkumbatia farasi. Naye farasi akarudi nyuma kwa hofu. Hilo lilimchoma zaidi ya chuma, akamwambia jini aende zake, asimchezeshe tena.

Siku ya harusi Marijani akaja na kamba laini tu, bibi harusi mgongoni, akitembea polepole, masikio yamelegea. Watu wakainua shingo kuutafuta mchezo.

"Mchezo uko wapi?" akanguruma Sultani.

"Maulana, hakuwa akicheza. Alikuwa akiumia."

"Mvisheni lijamu!"

Muhaji akaichukua, akaitia kinywani mwake mwenyewe, na hatamu akamkabidhi Sultani. Na Sultani, kwa ghadhabu, akavuta. Muhaji akatupa kichwa, akakanyaga mbele na nyuma, povu lenye damu likamdondoka kifuani. Na watu wawili watatu, kwa mazoea, wakaanza kupiga makofi.

"Baba, acha!" akalia Siti Zamzam.

Makofi yakakatika. Sultani akaitazama mikono yake, akaziachia hatamu. Kisha akaamuru lijamu zote za chuma zivunjwe, na harusi ikaendelea kwa mwendo wa taratibu. Muhaji alipoambiwa aombe zawadi, akaomba malisho ya kando ya mto kwa ajili ya Marijani, akapewa pamoja na dinari elfu.

Tangu hapo alisema kwa kitembe, kwa ulimi uliojeruhiwa na chuma, na Marijani alikaa miezi saba kabla ya kukubali kula mkononi mwake. Muhaji hakumlaumu. Nanyi mliosikia, mnyama akikutiini, mwangalieni kwanza kinywani, mjue ametii kwa kupenda au kwa kukosa pa kukimbilia.