Picha za Wodi ya Wazazi

Sogeeni, na mwenye simu aiweke chini kwanza, kwa sababu ninayowasimulia yatawatia kinyaa.

Palikuwa na vijana watatu mjini Tanga wakijifunza udukuzi halali, yaani kuvunja mfumo wa kompyuta kwa ruhusa ya mwenyewe ili ajue penye ufa, auzibe kabla ya mwizi. Sekela alikuwa na jicho la kuona ufa. Hiza alikuwa na ulimi. Angekupigia simu ukamweleza mambo ambayo hata mkeo hayajui. Mwantumu hakuwa na kasi, ila alikuwa na subira ya kupitia kitu kimoja kimoja mpaka mwisho.

Mkurugenzi wa hospitali, Mama Mhando, akawaita. Picha za wanawake wakiwa katika uchungu wa kuzaa zilikuwa zinazagaa kwenye simu za watu.

"Jaribuni mfumo wangu wote na watumishi wangu wote," alisema. "Nataka kumjua huyo mchafu."

Sekela akaanza. Akagundua kwamba kamera ya wodi, iliyowekwa ili watoto wachanga wasiibwe, bado ilikuwa na neno la siri la kiwandani, ambalo fundi yeyote hulijua. Mtu alikuwa akiingia humo kutoka kwenye kompyuta ya mafundi na kuigeuza kamera ielekee vitandani. Lakini kompyuta ile ilitumiwa na mafundi wote.

Hiza akawapigia mafundi, akijifanya muuza kamera, akipiga soga na utani. Fundi mmoja, Chambuso, akacheka. "Kaka, kamera ninayo, inanipa vichekesho kila siku. Nikuunge kwenye kundi letu?" Akamwunga. Ila humo picha zilitumwa kwa jina la uongo, na maneno ya simu mtu huyakana.

Ikabaki kazi ya Mwantumu. Alilinganisha saa iliyo pembeni mwa kila picha na zamu za mafundi. Wanawake uchi, wakilia, na chini yao matusi. Alitapika kwenye karai, akasukutua, akarudi kuketi. Kisha akamkuta shangazi yake, Bi Sikudhani, siku aliyozaa mtoto mfu. Watu walikuwa wameweka alama za vicheko chini yake. Mwantumu alilia huku akiendelea. Kila picha iliangukia zamu ya Chambuso, wala si ya fundi mwingine.

Chambuso alipoitwa, aliingia akitabasamu, akampa mkurugenzi mkono. Alipoonyeshwa ushahidi alisema, "Ni utani tu, Mama. Mbona mnakuza mambo?"

Mama Mhando akainuka, akaenda kunawa kwa sabuni. Polisi wakamchukua Chambuso.

Hospitali ikawa na nafasi moja tu ya mlinzi wa mfumo. Sekela akasema, "Bila mimi mngeanzia wapi?" Hiza akasema, "Bila mimi msingepata jina." Mwantumu akasema, "Bila mimi angekuwa bado kazini."

Mama Mhando akaona wenye haki ya kuchagua ni waliopigwa picha. Akamwuliza Bi Sikudhani, kwa niaba ya wenzake. Yule mama akasema, "Atakayelinda kamera hiyo ataweza kutuona. Nipeni yule ambaye hata akizoea kazi, kinyaa hiki hakitamtoka."

Wote watatu wakainamisha vichwa, na hakuna aliyethubutu kujitaja.

Haya, wasikilizaji. Mwenye jicho, mwenye ulimi, au mwenye subira: ingekuwa mama yako ndiye aliye kitandani, ungemkabidhi nani kamera ile?