Uzito wa Sultani Ghalibu

Hebu niambieni, ninyi mlionyang'anywa hata dumu la mafuta ya nazi pale uwanja wa ndege mkaambiwa mmezidisha kilo: ni mkubwa gani mliwahi kumwona akipandishwa mizani? Semeni basi. Mbona mmenyamaza? Haya, tulizeni masikio, niwape habari ya mmoja aliyepimwa mchana kweupe, na aliyempima hakuwa na shati la pili.

Hapo zamani, wala si zamani ile ya mababu, maana ndege zilikwisha kuwako, palikuwa na mji wa pwani uitwao Kikobweni, na mtawala wake aliitwa Sultani Ghalibu. Uwanja wa ndege wa mji huo ulikuwa mdogo, hata mbuzi waliujua wote. Ulikuwa na njia moja ya kurukia iliyoishia kwenye mikoko, kibanda kimoja cha bati, na mizani moja ya kupimia wasafiri. Pembeni yake palikuwa na ukumbi wa abiria ambao ujenzi wake ulisimama zamani, zikabaki boriti za mnazi zimelala juani na jiwe la msingi lenye jina la Sultani kwa herufi za dhahabu. Ndege nayo ilikuwa moja, ya pangaboi, ikienda Kisiwa cha Ukombeni na kurudi. Ilikuwa safari fupi, ukifungua kifuko cha karanga huku, hujamaliza kutafuna mmeshatua kule. Kwa njia ya maji ilikuwa kutwa nzima, na boti la serikali lilikuwa juu ya mawe, likingoja spea ambayo kila mwaka ilitengewa fedha na kila mwaka ikasemwa iko njiani.

Basi, katika mji huo palikuwa na kijana, jina lake Faki, nao watu wakimwita Faki Digrii. Alisoma hata akamaliza, akarudi kwao na joho jeusi na ile kofia bapa ya mahafali. Kazi hakupata. Kila mlango aliobisha aliambiwa, "Lete ekspiriensi." Naye alipouliza ekspiriensi inauzwa duka gani, wakamcheka, wakamhesabu katika wapumbavu. Ikawa anauza karanga pale uwanjani, amevaa lile joho kwa kuwa shati lilikwisha kumchanikia mgongoni, na ile kofia ameigeuza juu chini ikawa sinia. Wasafiri wakimwita, "We profesa, leta za chumvi!" naye akijibu, "Yes sir, digrii ya kwanza hiyo, tafuna kwa heshima."

Faki alikuwa na mama yake, Bi Mize, ambaye mtoto wa jicho alimziba macho yote mawili. Huko Ukombeni hospitalini alikuwa amekuja mganga wa kupasua macho, na siku ninayowasimulia ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwake, kisha arudi kwao mbali. Mara mbili Faki alimkatia mama yake tiketi, na mara mbili walishushwa. Kisa nini? Sikilizeni, maana hapa ndipo penye uchafu wenyewe.

Desturi ya ndege ndogo ni kwamba kila anayepanda hupimwa, yeye na kikapu chake, ili rubani ajue chombo kimebeba nini. Ulipimwa ukiwa na mimba, ukapimwa ukiwa na kuku. Sultani peke yake hakupimwa. Akija, wapambe humwimbia, "Mtukufu ni mwepesi kama pamba!" na rubani, asijue pamba hiyo ni kilo ngapi, huanza kushusha watu mpaka roho yake itulie. Na roho yake haikutulia mpaka ndani wabaki Sultani na mawaziri wake tu. Hivyo mwenye macho mabovu akabaki chini, na mwenye hamu ya pweza akaenda juu, kwa maana Sultani alichokifuata Ukombeni kila Alhamisi ni pweza wa nazi. Yaani pweza, jamani!

Rubani huyo alikuja akaacha kazi, siku magurudumu yalipokata vichwa vya mikoko. Akaletwa mwingine, mwanamke, Kapteni Zuwena, asiyejua kupamba maneno.

Ikawa Alhamisi ile ndege imejaa. Abiria wamekwisha kupimwa, Bi Mize na Faki wamo, na mawaziri watatu waliotangulia nao wamepimwa, Waziri Mkuu, Waziri wa Hazina na Waziri wa Ajira. Kapteni Zuwena akasema, "Imetosha. Hata paka haingii tena." Mara king'ora kikalia, na Sultani akashuka garini na kiti chake cha safari, mito yake ya hariri na wapambe wake.

"Ewe rubani," akasema Sultani, "washushe hawa wenye vikapu, tupae."

"Mtukufu, niwashushe wangapi? Nipe uzito wako, nami nitashusha kiasi hicho hicho. Mizani ile pale."

Wapambe wakashika midomo. Sultani akanuna, akasema, "Sultani si gunia la mbata! Mimi ndiye nipimaye watu, sipimwi."

"Basi sipai. Mimi nina watoto, Mtukufu, na nina akili."

Sultani akaghadhibika, lakini akakumbuka pweza, na akakumbuka kuwa hakuna mwingine ajuaye kuirusha ndege ile. Akapaza sauti, watu wote wakasikia: "Basi sikilizeni masharti yangu. Mguu wangu hautakanyaga mizani. Kilo zangu hazitatajwa na kinywa cha mtu. Na rubani ataujua uzito wangu, kweli tupu, isiyozidi wala kupungua, kabla ya adhana ya adhuhuri. Atakayeliweza hilo na aombe atakalo. Asipopatikana mtu, watashuka wote hawa, nitapanda mimi na mawaziri wangu, na huyu rubani akitukataa, jela."

Mawaziri wakashuka ndegeni kutoa rai. Waziri Mkuu akasema, "Mtukufu, uzito wako haupimiki." Waziri wa Hazina akasema, "Tukadirie tu, kama tunavyokadiria kila kitu." Waziri wa Ajira akasema, "Tuunde kamati."

Huko ndani Bi Mize akamshika mwanawe joho. "Faki, mbona haturuki? Mganga si anaondoka leo?"

"Tulia, mama. Kuna mzigo haujapimwa."

"Mzigo wa nani huo, unamfanya mtu afe kipofu?"

Faki akainuka. Akashuka, kofia ya karanga mkononi, akaenda akapiga goti mbele ya Sultani. "Mtukufu, mimi nalijua hilo."

Waziri wa Ajira akacheka hata kilemba kikamkaa upande. "Huyu muuza karanga? Huyu alikuja ofisini kwangu na sivii yake, nikamwambia ajiajiri. Kichwa hakimtoshi, Mtukufu."

"Kichwa kinanitosha, bosi," akasema Faki. "Kofia ndiyo ina karanga."

Sultani akasema, "Mwacheni. Akishindwa, atamfuata rubani jela."

Basi Faki akaenda kwenye ule ukumbi usiokwisha, akawaomba wachukuzi wamsaidie kuivuta boriti moja ndefu. Wakalilaza pipa tupu la mafuta mchangani, wakaiweka boriti juu yake katikati, kama watoto wafanyavyo, huyu juu, huyu chini. Akachukua kiti cha Sultani, akakifunga kwa kamba kwenye ncha moja, na mbele ya kiti, juu ya boriti hiyo hiyo, akafunga mto wa hariri wa kuegeshea miguu.

"Hii ni nini?" akauliza Sultani.

"Ni boriti na pipa, Mtukufu. Mizani ile pale, hatutaigusa. Umesema mguu wako usikanyage mizani; mguu wako utakaa juu ya mto wako, na wewe utakaa juu ya kiti chako. Au kukaa kitini nako kumekatazwa?"

Sultani akawaza, asione neno la kupinga, kwa kuwa alisema mwenyewe. Akaketi. Ncha ile ikatua mchangani, puu! Ncha ya pili ikainuka hewani.

"Waziri Mkuu," akasema Faki, "tafadhali panda kule ng'ambo."

Akavutwa na wachukuzi, akapandishwa. Boriti haikutikisika. Akapandishwa Waziri wa Hazina, boriti ikalia kwiii, lakini Sultani hakuinuka. Faki akamgeukia Waziri wa Ajira, naye akarudi nyuma.

"Mimi nitie uzito gani? Mnionee huruma."

"Hata sisi wahitimu tumejiuliza hivyo siku nyingi, bwana. Leo tutajua. Panda."

Akapanda. Boriti ikalia tena, na Sultani Ghalibu akaanza kuinuka taratibu, miguu juu ya mto, ndevu zikipepea, mpaka pande mbili zikawa sawasawa, wala huyu juu wala hawa chini. Ilikuwa mara ya kwanza raia kumwona mtawala wao akielea hewani bila kumshusha mtu.

Faki akapaza sauti: "Kapteni! Uzito wa Sultani ni mawaziri watatu. Mguu haujakanyaga mizani, na kilo sikuzitaja."

Kapteni Zuwena akajibu, "Hao watatu niliwapima asubuhi. Nimekwisha kumjua. Ila ndege ilikuwa imejaa, profesa. Akipanda mtu wa uzito wa mawaziri watatu, ni lazima ushuke uzito wa mawaziri watatu. Nimshushe nani?"

"Kapteni, ya nini uhangaike kutafuta wa kulingana nao, na wao wenyewe wameshashuka?"

Watu wakaangua kicheko, mabibi wakapiga vigelegele mle ndani ya ndege. Waziri Mkuu akafoka, "Sisi ndio serikali!" Faki akawasihi, "Waheshimiwa, shukeni polepole, mkiruka kwa pamoja mtamwangusha Mtukufu." Wapi! Hasira iliwapanda, wakaruka wote watatu kwa mara moja, na Sultani akaanguka, puu, yeye na kiti na mito, vumbi likamfunika hata kilemba.

Wapambe wakafumba macho wakingoja watu wakatwe vichwa. Sultani akakaa pale chini, akapangusa mchanga ndevuni, akawatazama mawaziri wake mmoja mmoja. Kisha akaanza kucheka. Akacheka hata machozi. "Wallahi! Miaka yote nawalisha watatu, kumbe mimi peke yangu natosha! Ewe kijana, umeshinda. Omba utakalo."

"Mama yangu akae kwenye siti yake, Mtukufu."

"Hiyo ni yake kwa tiketi yake. Omba jingine."

Faki akasema, "Kazi, Mtukufu. Kazi yoyote."

"Utakuwa mpimaji mkuu wa uwanja huu. Ukirudi, nenda kwa Waziri wa Ajira, mwambie nimesema mimi."

Basi wakapaa, mawaziri wakabaki mchangani wamekalia boriti. Ikawa Sultani ameketi karibu na Bi Mize, naye bibi, asiyeona ni nani, akampiga kiwiko. "Sogea huko, baba, umenibana. Mtu gani unakalia siti mbili?"

"Samahani, mama," akasema Sultani.

"Na ukimwona huyo Sultani wenu mwambie, mara mbili nimeshushwa kwa ajili ya tumbo lake. Mwambie Bi Mize kasema."

Sultani akageuza uso dirishani, na husemwa hakugeuka tena mpaka magurudumu yalipogusa ardhi. Na pweza siku ile alimshinda, akala wali mtupu.

Mganga akampasua Bi Mize macho. Bandeji ilipofunguliwa, kitu cha kwanza alichokiona ni mwanawe. Akamtazama juu mpaka chini, akalishika lile joho, limepauka, mabega yameliwa na jua. "Faki," akasema, "mimi nikiligusa nikajua ni nguo ya ofisini. Si uliniambia umepata kazi?"

"Nimepata, mama," akasema Faki. "Naanza kesho." Na kwa mara ya kwanza hakuwa akimdanganya, au alidhani hivyo.

Kesho yake, wamekwisha kurudi Kikobweni, akalipiga joho pasi, akaenda kwa Waziri wa Ajira. Waziri alikuwa bado anaumwa kiuno. Akamsikiliza mpaka mwisho, akaegemea kiti chake, akasema, "Neno la Mtukufu ni sheria, na nafasi ipo. Ila utaratibu ni utaratibu, kijana. Lete ekspiriensi ya miaka kumi ya kupima masultani."

Faki akatoka, akaiweka kofia kichwani, akaishusha tena, akajaza karanga. Kila jioni mama yake humwuliza kazi inakwendaje, na sasa anaona uso wake anapojibu.

Basi ninyi wakubwa mnaohusika, mnaosoma haya mkitafuta ni nani aliyetukanwa: boriti bado iko pale pale, na pipa liko. Njooni mkae ncha moja, nasi tukae ncha ya pili na vyeti vyetu mikononi, tuone nani atamwinua nani. Na yule kijana mpeni kazi yake. Leo hii, kabla ya adhana.