Mkono Kwenye Koki

Kuna watu hudhani kusema kweli ni njia ya kujipatia marafiki. Pole yao! Msema kweli hana wajoli, yaani hana kundi la kutembea nalo, kwa kuwa kweli haichagui wa kumuuma: leo humuuma adui yako, kesho shabiki wako, keshokutwa wewe mwenyewe. Asiyeamini na asikilize yaliyompata Sindano.

Sindano alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Jina hilo alijipa mwenyewe kwenye blogu yake, na mtaa mzima ukalipokea. Maji ya mtaro uliopita nyuma ya nyumba zao yalipogeuka buluu na watoto wakaanza kutoka vipele, hakunong'ona vibarazani kama wengine. Aliandika kwamba kiwanda cha kutia vitambaa rangi kinamwaga uchafu mtaroni, akaweka na picha: msimamizi wa kiwanda ameinama, mkono kwenye koki ya bomba. Chini yake akaandika, "Huyu ndiye anayetufungulia sumu."

Lo! Mtaa ulilipuka. Wasomaji walimiminika kama siafu, kila mmoja akimwita shujaa. Tajiri mwenye kiwanda akamfukuza msimamizi siku ile ile, akatangaza kuwa mkosaji amepatikana, yamekwisha. Maji yakaendelea kuwa buluu.

Asubuhi moja mke wa msimamizi aliingia chumba cha kushonea bila hodi.

"Wewe ndiye Sindano?"

"Ndiye mimi, dada. Karibu kiti."

"Kaa nacho kiti chako! Mume wangu alikuwa anaifunga ile koki. Tajiri anaifungua, yeye anaifunga, ndiyo kazi yao kila siku. Sasa wanangu shuleni wanaitwa watoto wa mtia sumu. Ulimwuliza hata neno moja kabla ya kuandika?"

Sindano aliweka mkasi chini. Hakuwa ameuliza. Picha aliipiga kwa mbali, mengine akayajaza mwenyewe. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamchoma. Akawatafuta wafanyakazi wawili wa kiwanda, kila mmoja peke yake, nao wakasema vile vile.

"Futa habari yote, unyamaze," kaka yake alimwambia. Walishona chumba kimoja, na vitambaa vyao vilitoka kiwanda hicho hicho. "Mdomo wako utatulaza njaa."

"Kaka, nikifuta nitakuwa nimemficha tajiri na kumwacha mtu wa watu na tope usoni. Sifuti!"

Akaandika: "Nilimsingizia msimamizi. Sikumwuliza. Alikuwa anafunga koki, si kufungua. Namwomba radhi yeye na nyumba yake. Anayefungua ni mwenye kiwanda, na wameniambia hivyo watu wawili walioona kwa macho yao."

Wale waliomwita shujaa wakamgeuka. "Amehongwa!" "Kigeugeu huyo!" Tajiri naye akaja mwenyewe, tabasamu hadi masikioni.

"Fundi, umeshakiri ulikosea. Malizia basi, andika kwamba yote yalikuwa uongo. La sivyo tutaonana mahakamani, na kitambaa changu hutakiona tena."

Sindano alisimama, futi ya kupimia shingoni. "Nilikosea mtu, mzee, sikukosea maji. La mtu nimelisahihisha bila kushikiwa fimbo. La maji lisahihishe wewe. Huko mahakamani nitakuja nayo kwenye ndoo."

Tajiri alitoka amenuna. Jioni kaka yake akabeba cherehani yake, akahama bila kuaga. Sindano akaenda kumwomba msimamizi radhi ana kwa ana. Yule bwana alimsikiliza mlangoni hadi mwisho, akasema, "Nimesikia," akafunga mlango. Hilo lilimuuma kuliko yote, lakini hakumlaumu.

Alirudi chumbani kwake, nusu yake sasa tupu. Wasomaji walikuwa wamebaki wachache wa kuhesabika. Akaenda kupiga picha ya mtaro, safari hii kwa karibu, kisha akampigia tajiri simu kumwuliza kama ana la kusema kabla hajaandika. Tajiri akamporomoshea tusi. Sindano akaliandika tusi lile neno kwa neno, chini ya picha ya maji ya buluu, akachapisha bila kungoja wa kumpigia makofi, kwa maana msema kweli hana wajoli.