Moshi wa Kwemashai

Hapo zamani, wafalme walipokuwa bado wakidhani watu huongezeka kwa amri, mfalme mmoja alichimba handaki kuuzunguka mji wake. Kila nyumba ilitoa kijana wa kuchimba. Handaki halikwisha, vijana hawakurudi.

Kuhesabu watu kulikuwa mwiko, huvuta vifo. Kwa hiyo mfalme alihesabu moshi. Kila mavuno mjumbe wake alipanda kilimani alfajiri, akatazama meko yanayofuka. Moshi mmoja, nyumba moja, mchimbaji mmoja.

Mwaka mmoja mfalme akatangaza: kijiji kitakachoongezeka kuliko vyote, aliyekiongeza atarudishiwa mwanawe. Mmoja tu.

Moshi wa kijiji cha Kwemashai ukaonekana mara mbili ya zamani. Wakaja watu watatu kwa mfalme, kila mmoja akimdai mwanawe. Mamnkande mkunga alifika wa mwisho, miguu imemvimba, ametoka kuzalisha. Akaketi chini bila kukaribishwa.

Jumbe Sekiete, mkuu wa kijiji, alianza. "Mwene, wakimbizi wa vita walipokuja, amri yako ilisema tuwafukuze. Mimi niliwapa mashamba. Kama nilikosa, nilikosa kwa faida yako."

"Hilo la amri tutalirudia," mfalme akasema.

Namwenda, mke wa mhunzi, akacheka kidogo. "Uliwaleta, baba, ukawaficha. Wageni, wakwe, wake wenza, wote walipikia jiko moja ili wachimbaji wawe wachache. Mimi ndiye niliyepita mlango kwa mlango: kila mwanamke awashe lake. Mfalme huona moshi, haoni matumbo."

"Na sasa kila jiko litadaiwa kijana," jumbe akasema. "Umetuuza, mwanamke wewe."

"Mwanangu anakohoa damu handakini. Ningewasha hata msitu."

Wakamgeukia mkunga. Mamnkande alitamani kulala palepale.

"Wageni waliletwa, moshi ukawashwa, sawa," akasema. "Lakini mwanamke akifa na mimba yake, mmeongeza kaburi. Wanaishi kwa sababu mimi silali. Nipeni mwanangu Kopwe niende nyumbani."

Mfalme alipiga miayo. Akamwagiza mjumbe akusanye wachimbaji kwenye kila moshi mpya, kisha akainuka. "Wote mna haki. Chagueni wenyewe. Mimi naenda kula."

Wakabaki watatu, hakuna anayemtazama mwenzake.

"Amua wewe, mama," jumbe akasema kwa sauti ya chini. "Vijana wetu wote watatu uliwapokea wewe."

Mamnkande akaitazama mikono yake. Ni kweli. Kopwe wake alitoka kwa urahisi, akampokea mwenyewe. Wa jumbe alitanguliza miguu, ikabidi amgeuze mpaka kiwiko kikafa ganzi. Wa Namwenda alizaliwa kimya, akampulizia pumzi mdomoni hadi akalia.

"Namwenda," akauliza, "ameanza kukohoa lini?"

Namwenda alikuwa akilia.

Basi ninyi mliosikiliza, na wana wenu wamelala salama nyumbani, msaidieni huyu mama aliyechoka: kijana wa nani alistahili kutoka handakini?