Chumba cha Salamu

Sogeeni karibu, na wa nyuma waache kunong'ona, maana mwisho wa habari hii nitauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Katika kijiji cha Chilungule, huku kwetu Ugogo kwenye jua kali na upepo mkavu, walikuwapo wakulima watatu wa zabibu, kila mmoja na kipaji chake. Fundi Ndahani alikuwa na kipara kilichojua jua. Akivua kofia tu, anakuambia jua litapiga wapi saa nane na litahamia wapi saa kumi. Mama Matika, aliyeuza na mkaa pia, alijua maji, na tone moja mkononi mwake lilifanya kazi ya ndoo. Wa tatu ni Bibi Nyendo, wifi yake Matika. Huyu kipaji chake kilikuwa mdomo mchungu. Msicheke, nacho ni kipaji. Wakwe watatu walishawahi kumtembelea, na wote watatu walikumbuka ghafla kazi walizoziacha makwao.

Nyendo alikuwa na mizabibu kumi na miwili tu, iliyopandwa na marehemu mumewe. Misimu miwili mfululizo zabibu zake zilichacha kabla gari la mnunuzi halijafika, na gari hilo huja likipenda. Akaapa kwamba zikichacha mara ya tatu anang'oa mizabibu yote, apande mtama. Aliapa kwa ukali, lakini jioni alipita shambani akishika shina moja moja, na roho ilimuuma.

Chama cha wakulima kilikuwa na ghala la bati lenye mashine ya kupoza. Mashine ile ilikula umeme kama mgeni asiye na haya, na umeme ukikatika, ghala linakuwa tanuri. Mwenyekiti Mahinyila akachoka, akatangaza: "Atakayelipoza ghala hili bila mashine, rafu ya chini kabisa, yenye baridi kuliko zote, ni yake maisha." Na rafu hiyo inatosha mavuno ya mtu mmoja tu.

Akaanza Ndahani. Alizunguka kiwanja siku tatu bila kofia, watu wakidhani mkewe kamfukuza. Kisha akabomoa mabati, akajenga kwa matofali, ubavu mwembamba ukitazama machweo, akaezeka mapaa mawili, la nyasi juu ya la bati, na nafasi katikati hewa ipite. Zabibu zilizokuwa zikikaa siku mbili zikakaa nne. Watu wakampongeza, lakini gari la mnunuzi halikuja siku ya nne.

Akafuata Matika. Alibomoa ukuta wa upande wa upepo, Ndahani akitaka kulia, akaweka mwingine wa waya, akaujaza vipande vya mkaa. Juu yake akatundika pipa lidondoshe maji tone kwa tone. "Matika kawehuka, anaosha mkaa," watu wakasema, mpaka walipoingia ndani wakaanza kuulizana nani kaja na shuka. Upepo ulipita kwenye mkaa uliolowa, ukaingia umepoa kama maji ya mtungini. Asubuhi ilikuwa raha tupu. Ila ikifika saa tano kipimajoto kinapanda, na hakuna aliyejua kwa nini.

Nyendo alijua. Alikuwa ameketi mkabala na mlango tangu alfajiri, akitazama. Sisi Wagogo hatusalimiani mbiombio. Mmoja anaingia, mwingine anatoka, wanakutana mlangoni. "Mbukwenyi." Nyumbani wazima? Watoto? Ng'ombe je? Na yule mbuzi aliyekuwa akichechemea? Mlango uko wazi muda wote huo, kwa sababu kumfungia mtu mlango katikati ya salamu ni kumtukana yeye na ukoo wake.

"Ingia au toka," Nyendo akasema. "Salamu zenu zinachachusha zabibu."

Akawafungia mlango wazee, akamfungia mchungaji akiwa ndiyo kwanza amefika kwenye kuulizia ng'ombe, akamfungia hata Mwenyekiti. Siku ya tatu watu wakanuna, wakasema heri zabibu zioze kuliko kudharauliwa. Nyendo akarudi kwake akawaza, akaja na fito na udongo. Mbele ya mlango akajenga chumba kidogo chenye mlango wake na benchi moja.

"Hiki ni chumba cha salamu," akawaambia. "Ukiingia, funga nyuma yako. Salimianeni mpaka huyo mbuzi apone. Mkimaliza ndipo mfungue mlango wa ndani. Nikikuta yote miwili iko wazi, nitasema neno."

Hakuna aliyetaka kulisikia hilo neno. Kipimajoto kikatulia mchana kutwa. Zabibu za rafu za juu zikakaa wiki moja, za rafu ya chini wiki tatu. Ndani ya mashine ya kupoza sasa wanataga kuku wa Mwenyekiti.

Siku ya mavuno wote watatu wakafika na matenga yao.

"Bila mimi," akasema Ndahani, "jua lingekuwa mwanachama humu."

"Ungezuia jua mpaka mwakani," Matika akamjibu, "baridi ingetoka wapi? Kwenye kipara chako?"

"Na hiyo baridi yako, wifi," akasema Nyendo, "ilikuwa inalala wapi?"

Mwenyekiti akakohoa. "Lakini bibi, wewe umejenga kibanda tu na kugombeza watu."

Nyendo akatazama tenga lake. Alimkumbuka mumewe, mtu pekee aliyewahi kumwambia kwamba anaipenda sauti yake, na machozi yakamlenga.

"Nisipopewa mimi, nashusha nyasi zangu," akasema Ndahani.

"Na mimi nateremsha pipa langu," akasema Matika.

Wote wakamgeukia Nyendo.

"Mimi sichukui kitu," akasema taratibu. "Nisipopewa, kuanzia kesho naacha ukali. Nitasimama pale, nishike milango yote miwili, nimsalimie kila mtu kwa adabu mpaka aridhike."

Mwenyekiti jasho likamtoka.

Basi zabibu zimeshachumwa, rafu ni moja, na ufunguo bado anao Mwenyekiti, hajui ampe nani. Wewe unayejifanya umesinzia, naanza na wewe: nani alilipoza ghala, aliyezuia jua, aliyeleta baridi, au aliyeikataza kuondoka? Je, rafu ungempa nani, na hao wawili ungewatazama vipi usoni?