Kwa Nini Buibui wa Shimoni Hulala Chali Anapojivua

Sikieni, wajukuu zangu, wala msiniulize nani alikuwepo. Mimi niliambiwa na mama, naye aliambiwa na mama yake.

Zamani hizo buibui wote walijivua ngozi wakiwa wamesimama. Yule mkubwa wa shimoni, mwenye manyoya na mwili mzito kama yai la kanga, ndiye aliyetaabika kuliko wenzake. Ngozi ya zamani ilipombana, alisimama juu ya miguu yake minane na kuanza kujivuta atoke ndani yake. Lakini mwili mpya huwa laini kama uji uliopoa. Uzito wote uliiangukia miguu ile laini, nayo ikapinda, na mingine ikakatika kabisa.

Katika milima ya Upare aliishi mwanamke aitwaye Nakijwa na mumewe, Mbonea. Pembeni mwa chumba chao palikuwa na shimo la buibui wa namna hiyo. Nakijwa hakumfukuza, kwa kuwa buibui huyo aliwala mende waliokuwa wakiharibu maharage ya mbegu. Mwisho akamzoea, akawa anamwekea maji kwenye kigae. Na siku hizo viumbe walikuwa bado wanasemezana.

Mwaka ambao Nakijwa alikuwa mjamzito, buibui alikuwa amebakiwa na miguu mitano.

"Mwenzangu," alimwambia siku moja, "tumbo langu limekuwa jeusi na chakula sikitaki. Ngozi inanibana tena. Safari hii nikipoteza hata miwili, sitasimama tena."

Nakijwa alishika tumbo lake. "Hata mimi naogopa," akajibu. "Mimba mbili zimekwisha kuniharibikia. Sijui kama hii itafika."

Uchungu ulimshika Nakijwa alfajiri moja. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, kwani aliamini kwamba akilala tu, atakufa. Jua lilipofika utosini alikuwa akijikokota kwa kushika ukuta. Ndipo mkunga, Bibi Niendiwe, alipotandika mkeka.

"Lala chali, mwanangu," alisema. "Unatumia nguvu mbili, ya kujibeba na ya kuzaa. Hiyo ya kujibeba iachie ardhi."

Nakijwa akalala. Kabla jua halijapinda sana, kilio cha mtoto wa kike kilisikika mle chumbani. Buibui alikuwa mlangoni mwa shimo lake, ameona yote.

Siku ya nne alitoka. Alifuma utandu mzito mweupe sakafuni mpaka ukawa kama mkeka, akaupanda, akajipindua, tumbo juu na miguu mitano hewani. Tangu azaliwe hakuwahi kumwonyesha yeyote tumbo lake, awe adui au rafiki. Alitulia pale na hofu yake yote.

Mbonea aliingia, akamwona. "Masikini, amekufa," akasema, akachukua ufagio.

"Weka ufagio chini!" Nakijwa alisema, mtoto akiwa titini. "Hajafa. Anajifungua."

"Anamzaa nani?"

"Anajizaa mwenyewe. Usimguse, hata kumpulizia usimpulizie."

Mbonea aliona aibu. Aliketi kizingitini na kufukuza kuku mmoja baada ya mwingine. Ngozi ilipasuka taratibu. Mguu mmoja ulichomoka, kisha wa pili, na hakuna hata mmoja uliopinda, kwa sababu hakuna uliobeba kitu. Pale penye visiki palikuwa pamechipuka miguu mitatu midogo, na meno ya buibui yalikuwa meupe kama maziwa. Jua likielekea kushuka alijigeuza, akasimama juu ya miguu minane.

"Nina njaa," akasema, "ila meno hayajakaza. Nitasubiri."

Nakijwa akacheka mpaka mtoto akaamka.

Na tangu siku hiyo, buibui wa shimoni hufuma mkeka wake na kulala chali kila anapojivua, awe porini au ndani ya sanduku la kioo la mtu anayemfuga. Wafugaji wapya hushtuka, wakadhani wamefiwa. Buibui aliyekufa hukunja miguu chini ya tumbo lake. Huyu wa chali yuko kazini. Ukimkuta hivyo, vuta mlango polepole, umwache amalize.